Kabla hujabonyeza "tuma"

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilimwandikia mhadhiri barua pepe. Kwenye mada: "Swali". Ndani: "Habari mwalimu, ile kazi tunakusanya lini?" Basi. Sikutaja jina, somo wala kundi langu, na anwani yenyewe ilikuwa jina la utani nililojipachika tangu sekondari. Siku tatu kimya, nikaanza kunung'unika kwamba ana maringo. Alipojibu aliuliza: "Wewe ni nani, na kazi ipi?" Alikuwa anafundisha masomo matatu.

Siku hizi naandika kiasi kwamba mpokeaji hana la kuniuliza ndipo ajibu. Mada: "Takwimu, kundi B: tarehe ya kukusanya zoezi la 2". Ndani salamu, jina kamili, namba ya usajili, swali, ahsante. Faili naambatisha kabla sijaandika hata neno, maana mara mbili nimeshatuma "tazama kiambatisho" bila kiambatisho. Na faili liwe na jina lako, si "kazi mpya mpya 2".

Kwenye WhatsApp kuna watu wanaotuma "Mambo?" halafu wanatulia. Unajibu "poa", unabaki unatazama "anaandika…" inatokea na kupotea. Salimia, tena salimia vizuri, ila shida yako iseme humo humo.

Kilichoniponza zaidi ni hasira. Tulikuwa watano kwenye kazi ya pamoja, mmoja hajaleta sehemu yake, kesho ndiyo siku ya kukusanya. Saa tano usiku nikaandika kwenye kundi: "WEWE SEHEMU YAKO IKO WAPI???" Hakubishana. Aliujibu ujumbe wake mwenyewe wa saa sita mchana, faili limekaa pale pale, limefunikwa na rundo la stika. Sikuwa nimepanda juu kusoma. Niliomba radhi palepale kwenye kundi, kwa kuwa ndipo nilipomwaibisha. Kumfuata pembeni kungekuwa ujanja.

Haya si mapya. Mwongozo wa adabu za mtandaoni uitwao RFC 1855, wa Oktoba 1995, tayari ulisema herufi kubwa tupu zinasomeka kama kelele, na jibu lenye hisia kali lilale hadi kesho yake. Hata utani una historia yake: mwaka 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama :-) kwa sababu watu walikuwa wakichukulia mzaha wa maandishi kuwa kweli. Kwa mtu usiyemzoea, mhadhiri hasa, mimi mzaha nauacha kabisa.

Na usitegemee "futa kwa wote". Kundi la watu sitini, kuna aliyeshapiga picha ya skrini. Nikiona nimewaka, naandika kwenye sehemu ya kumbukumbu (notes) ya simu, ambako hakuna kitufe cha kutuma. Asubuhi huwa nabakiza mstari mmoja, mara nyingi swali tu.