Jibu: Kwa nini vitabu vya kale havitoshi kuandikia mwongozo wa tiba ya Kichina

Ndugu, umeuliza kwa nini dawa zilizotumika China karne nyingi zisiingizwe moja kwa moja kwenye mwongozo wa madaktari. Ukongwe hutuonyesha pa kutafuta, lakini si ushahidi. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipata dokezo la artemisinini, dawa ya malaria, katika maandishi ya Ge Hong, mwandishi wa tiba wa China wa karne ya 4, ila dawa ilibidi ijaribiwe kwa wagonjwa wa malaria ndipo ikakubalika.

Ugumu hasa uko hapa: wagonjwa wawili wa pumu wanaweza kupewa michanganyiko tofauti ya mitishamba, maana tabibu wa Kichina huangalia pia ulimi, mapigo ya mshipa na hali nzima ya mwili. Kwa hiyo jopo la wataalamu wanaoandika mwongozo lazima litaje kwanza mgonjwa yupi, dawa ipi, inalinganishwa na nini. Kisha ushahidi hupimwa kwa ngazi nne za GRADE, mfumo wa kupima ushahidi unaaminika kiasi gani.

Na madhara yasisahaulike, tafadhali. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene waliharibikiwa figo baada ya mmea wa Aristolochia kuwekwa badala ya mwingine wenye jina la Kichina linalofanana. Mwongozo usiotaja jina la kisayansi la mmea, mimi siuamini.