Ijumaa usitie sahihi kabla barua yako haijapigwa muhuri

Usiitie sahihi hiyo karatasi. Nimesoma ulivyoandika mara mbili: kandarasi ya usafi hospitalini kwenu inahamia kampuni nyingine tarehe mosi, Ijumaa mnaitwa kutia sahihi barua mpya, nyongeza zako mbili za mshahara hazijalipwa, na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi amewaambia "tieni tu, hayo mengine tutayamalizia mbele." Dadangu, maneno ni yale yale! Niliambiwa hivyo Juni 2023, na huko mbele sijakuona hadi leo.

Sisi tulikuwa wasafishaji wa jengo la ofisi kule Upper Hill, Nairobi, mimi nikiwa na miaka 9 kazini. Mkataba wa pamoja, ule ambao chama na mwajiri huwekeana kwa niaba yetu sote, ulitupa nyongeza ya shilingi 1,200 kwa mwezi Januari 2021 na nyingine kama hiyo Januari 2022. Zote mbili hazikulipwa. Tulilalamika, lakini kwa mdomo: kwa msimamizi, kwa katibu, kwenye ngazi tukishuka zamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kalamu.

Halafu Ijumaa tarehe 30 Juni tukaitwa chini kwenye maegesho. Meza moja ya plastiki, msimamizi wa kampuni ya zamani upande huu na wa mpya upande ule, katoni za sare za kijani nyuma yao. Tukaambiwa hakuna sahihi, hakuna sare, na asiye na sare kesho hapiti getini. Karatasi zilikuwa mbili zimebanwa pamoja. Ya juu ilikuwa barua ya kazi mpya. Ya chini ilikuwa imekunjwa, ukaachiwa mstari wa sahihi tu. Nyuma yangu foleni inasukuma, mtoto ana karo ya muhula wa pili haijaisha. Nikatia zote mbili. Ile iliyokunjwa ilisema nimelipwa haki zangu zote na sina dai lolote.

Piga hesabu. Nyongeza ya kwanza kwa miezi 30 ni 36,000. Ya pili kwa miezi 18 ni 21,600. Jumla 57,600, zimeenda kwa sahihi moja. Na zile siku 15 za kila mwaka ambazo sheria inampa mtu anayepoteza kazi kwa kupunguzwa, walizipiga kwa mshahara usio na nyongeza. Kwa kampuni mpya nikaandikwa kama mtu aliyeingia mjini jana, tarehe ya kuanza kazi 1 Julai, ngazi ya chini kabisa. Hapa Kenya hakuna sheria inayokubeba moja kwa moja na miaka yako kutoka kwa mwanakandarasi mmoja hadi mwingine. Wa zamani asipokulipa kabla hajaondoka, wa mpya atakwambia hakujui.

Yule katibu bado ananichoma moyo. Miaka 9 nimekatwa ada ya chama chake, na siku hiyo alikuwa pale pale maegeshoni, amesimama kando ya meza akituhimiza tufanye haraka. Yeye alijua hakuna barua ya malalamiko aliyowahi kuandika. Nilipomfuata Agosti akaniuliza, "Sasa wewe si ulitia sahihi?" Alinipa kisu kisha akanilaumu kwa jeraha.

Kile ambacho hakutuambia ni hiki: mkataba wa pamoja ukishasajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, masharti yake yanaingia ndani ya mkataba wako wewe binafsi. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Nyongeza ile ni yako hata katibu akilala usingizi wa pono. Unaweza kuidai mwenyewe kwa afisa wa leba, yule wa serikali anayeshughulikia mambo ya kazi. Lakini una miaka 3 tu ya kufika mahakamani, na hii mikutano ya "tunazungumza nao" haisimamishi hesabu ya siku.

Tulikuwa na mama mmoja wa orofa ya sita. Alhamisi, siku moja kabla ya ile meza, alipeleka kwa kampuni ya zamani barua ya mistari minne: nyongeza gani, ya mwezi gani, kiasi gani, nalipwa lini. Nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa, akarudi nayo kwenye mkoba. Ijumaa aliikunjua ile karatasi ya chini mbele ya wasimamizi wote wawili, akaisoma taratibu watu wakimzomea, akaandika kwa mkono juu ya sahihi yake: "Nyongeza za 2021 na 2022 bado nadai." Akaipiga picha kwa simu. Sare alipewa, kesho yake alipita getini kama sisi. Alienda ofisi ya leba na zile karatasi mbili, na kabla mwaka kuisha alikuwa amelipwa 57,600 zote. Mimi nilienda na maneno matupu, afisa akanionyesha sahihi yangu.

Kwa hiyo leo usiku toa hati zako za mshahara tangu nyongeza ya kwanza iliporukwa, andika barua, nakala mbili. Ipeleke kesho kabla ya zamu, na usitoke hapo mapokezi bila muhuri. Wakikataa kuipokea, itume kwa baruapepe hapo hapo ukiwa umesimama mlangoni, ibaki na tarehe na saa. Na waambie wenzako wa zamu ya usiku pia, wao ndio huitwa mezani mwisho wakiwa na usingizi.