Bahari Iliyofungwa, Milima Ikapanda: Majibu kwa Wasomaji

Ni kweli kuna masalia ya viumbe wa baharini kileleni Everest? Maji yalifikaje kule?

Ni kweli, ila maji hayakupanda. Kilichopanda ni sakafu ya bahari. Mwamba wa kilele hicho, mita 8,849 juu, ni chokaa iliyojitanda chini ya bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita, ukingoni mwa bara ambalo India ilikuwa sehemu yake. Baadaye India ilijitenga ikaelekea kaskazini, na bahari ya Tethys iliyoitenganisha na Asia ikazidi kuwa nyembamba. Yapata miaka milioni 50 iliyopita mabara hayo mawili yakagongana. Miamba ya bara ni myepesi, haizami kwa urahisi, basi ikakunjamana na kupandiana tabaka juu ya tabaka.

Bahari inafungwaje, na maji yake huenda wapi?

Sakafu ya bahari ni ya mwamba mweusi mzito, basalti. Kadiri inavyozeeka hupoa na kuzidi uzito, mwisho huinama na kuzama chini ya bamba la jirani, yaani kipande kingine kikubwa cha gamba la Dunia kinachosogea, sentimita chache kwa mwaka. Ndiyo maana sakafu nyingi za bahari hazijafikisha miaka milioni 200, wakati mabara yana miamba ya miaka milioni 4,000. Maji hayapotei, huhamia kwingine: Tethys ilipokuwa ikifungwa, Bahari ya Hindi ilikuwa ikifunguka nyuma ya India.

Si sakafu yote inayomezwa. Vipande vingine husukumwa nchi kavu. Katika milima ya Oman, na Troodos kule Cyprus, mtu hutembea kwa miguu juu ya sakafu ya bahari ya kale, hata juu ya mwamba uliokuwa chini yake kabisa, bila kulowa. Mimi hakuna ushahidi unaonigusa kama huu.

Mbona Milima ya Ural, kule Urusi, iko katikati ya bara?

Kwa sababu hapo ndipo mabara mawili yalipoungana, bahari iliyokuwa kati yao ikatoweka. Ni ya zamani mno, mvua na barafu zimeila. Kilele chake kirefu hakifiki mita 1,900.

Na Andes?

Hapo bahari bado ipo. Bamba la Nazca linaendelea kuzama chini ya Amerika Kusini, na milima hupanda bila mabara kugongana.

Himalaya zimeacha kukua?

Hazijaacha. India bado inaisukuma Asia, na sentimita 2 hivi za msukumo huo kila mwaka hubanwa Himalaya kwenyewe. Miamba huvumilia miaka mingi, kisha huachia ghafla. Tarehe 25 Aprili 2015 iliachia nchini Nepal kwa tetemeko la kipimo cha 7.8, watu karibu 9,000 wakafa, na ardhi ya eneo la Kathmandu ikanyanyuka takriban mita moja.