Uwanjani Usiniite Dada

Swali la wiki hii limetokana na barua ya mama mmoja ambaye binti yake, aliye Kidato cha Pili, amechaguliwa kuichezea timu ya netiboli ya shule lakini anataka kujitoa kwa sababu anaona haya kupaza sauti mbele ya wenzake. Mhariri ametuuliza wasomaji mtoto kama huyo asaidiwe vipi. Naomba nijibu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa namna hiyo hiyo, katika mchezo huo huo na kidato hicho hicho, na leo ni mwalimu ninayesimamia timu ya wasichana katika shule ya sekondari ya kata.

Kwanza nawaomba wasomaji wenzangu tusiizungumzie haya kana kwamba ni ugonjwa. Mimi nililelewa na bibi, na katika nyumba ile msichana mwenye haya ndiye aliyesifiwa: hakatizi mazungumzo ya wakubwa, hamwiti aliyemzidi umri kwa jina lake kavu, wala hapazi sauti mpaka jirani akasikia. Nilipofika shule ya bweni mkoani Iringa, nilikuwa nimeyashika mafunzo hayo barabara. Kila aliyetaka kunisaidia alianza kwa kuniambia nijiamini, nami sikuwahi kuelewa neno hilo lilinitaka nifanye nini hasa. Mwalimu mmoja alidhani dawa ni kunisimamisha mstarini asubuhi nijitambulishe mbele ya shule nzima. Nilisimama, midomo ikanikauka, na wiki nzima iliyofuata nilikuwa nikisubiri wenzangu watoke bwaloni ndipo niingie kula. Nia yake ilikuwa njema, ila nalitaja jambo hili ili mwalimu mwingine asilirudie.

Katika timu niliingizwa kwa urefu wangu tu. Nilivishwa kizibao chenye herufi GK, yaani mlinda goli, na nikafurahi kimoyomoyo kwa kuwa niliona nimepata mahali pa kujificha: mlinda goli hatoki katika theluthi yake ya uwanja, hafungi, na macho ya watazamaji huwa kwa wafungaji. Sikujua kwamba nimepewa nafasi inayodai sauti kuliko karibu zote. Kwa wasioufahamu mchezo huu, kila upande una wachezaji 7. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao na ana sekunde 3 tu za kuutoa. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili, GS na GA. Na mshambuliaji akishaudaka mpira karibu na nguzo, mlinzi hana budi kukaa umbali wa sentimita 90 kutoka mguuni pake, akiinua mikono tu, huku pete ikiwa juu kwa mita 3.05. Kwa hiyo kazi kubwa ya ulinzi hufanyika kabla mpira haujafika, na anayeuona uwanja wote wakati huo ni yule aliye nyuma kabisa. Mlinzi mwenzake, GD, anacheza mbele yake akiufuatilia mpira, na hana macho kisogoni. GK akinyamaza, GD anacheza gizani.

Nami nilinyamaza. Katika mechi yetu ya kwanza ya ngazi ya wilaya kuelekea UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, nilimwona GS wao akimpenya GD wetu kwa nyuma, si mara moja wala mbili, nikaona hata mahali mpira utakapoangukia, na neno likanikwama kooni. Tulifungwa kwa goli moja. Hakuna aliyenigombeza, kwa sababu hakuna aliyejua nilichokiona. Nilijua mimi peke yangu, na usiku ule bwenini sikupata usingizi.

Mazoezi yaliyofuata yalikuwa alfajiri ya mwezi Juni, wakati ambapo baridi ya Iringa hufanya vidole viume mpira unapogonga. Mistari ya uwanja tulikuwa tumeichora kwa majivu ya jikoni. Mwalimu wetu wa michezo, mama wa makamo aliyezoea kutazama sana na kusema kidogo, aliniita pembeni akaniuliza, “Juzi ulimwona yule GS?” Nikajibu, “Nilimwona, mwalimu.” Akasema, “Basi kazi yako kuanzia leo ni neno moja. Akienda nyuma ya mwenzako, sema ‘nyuma’. Mengine yote tuachie sisi.” Kisha akamwamuru GD acheze mazoezi yale bila kugeuza shingo hata mara moja, ili asiwe na tegemeo lingine isipokuwa mimi.

Tatizo likawa kwamba GD huyo alikuwa wa Kidato cha Nne, na ni dada mkubwa wa bweni letu, ambaye kila asubuhi nilimwamkia na kila jioni nilimsaidia kubeba ndoo ya maji. GS alipoteleza mara ya kwanza, nilisema, “Dada, samahani, yuko nyuma yako,” na kabla sijamaliza mpira ulikuwa umekwisha kudakwa. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu dada alisimamisha mchezo, akaupakata mpira kiunoni, akanijia. Nilijiandaa kukaripiwa. Aliniambia kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia, “Mdogo wangu, uwanjani usiniite dada. Sema ‘nyuma’, basi. Tukitoka hapa utaniita dada mpaka uchoke.”

Ni zaidi ya miaka 20 sasa nayatafakari maneno hayo, kwa sababu yaligusa mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepagusa. Kilichonifunga ulimi hakikuwa woga peke yake. Ilikuwa heshima isiyokuwa na ruhusa. Kumwamuru mkubwa wako kwa neno moja, pasipo kumtaja kwa cheo chake na pasipo samahani, kwetu ulikuwa ufidhuli, na mwili wangu wote ulikataa kuufanya. Mwalimu aliweza kunipa kazi, lakini ruhusa ya kuiweka heshima kando kwa muda ule mfupi aliweza kuitoa mwenye heshima yake tu.

Neno lilitoka mara ya nne, dogo, karibu mnong’ono: “Nyuma.” Naye, bila kugeuka, alirudi hatua mbili akaruka, ncha za vidole vyake zikaugusa mpira, ukapinda na kuangukia kwenye mstari wa majivu, vumbi jeupe likatimka. Nakumbuka hasa vumbi lile. Baada ya wiki mbili nilikuwa na maneno matano: nyuma, kushoto, kulia, mwache, wangu. Sauti haikukua kwa mstari ulionyooka; katika mechi zenye watazamaji ilipotea kabisa robo ya kwanza, na dada akawa ananipigia kelele, “Sikusikii!” Neno hilo halikuniumiza, kwa kuwa lilimaanisha kwamba anasubiri kunisikia.

Kwa wasichana ninaowafundisha sasa nafanya kama nilivyofanyiwa. Kila mwenye haya ninampa neno moja la kusema na mkubwa mmoja wa kumwambia, na mkubwa huyo analazimika kuitika, ama kwa kusema “nimesikia” ama kwa kunyanyua mkono, maana neno lisiloitikiwa humfanya mtoto ajutie kulisema. Jambo ambalo sina msamaha nalo ni kicheko. Sauti ya msichana ikipasuka na mtu akacheka, nasimamisha mazoezi papo hapo, tunazungumza, na siku nyingine hatuendelei tena. Mwaka 2023, Kombe la Dunia la Netiboli lilipochezwa Cape Town, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika, na majirani zetu Uganda wakamaliza nafasi ya tano, niliwaambia wasichana wangu wafungue masikio na kuwasikiliza walinzi, kwa sababu hata katika kiwango kile cha juu ulinzi bado unaanza na mtu anayemwambia mwenzake alichokiona.

Hata hivyo, mama aliyeandika barua hana budi kujua kwanza haya ya binti yake ni ya nini hasa. Wapo wasichana wanaosema wanaona haya kupaza sauti, kumbe wanachoonea haya ni sketi fupi ya mchezo, na wakiruhusiwa kuvaa taiti au suruali ndani yake, na hijabu kwa wanaoitaka, wanacheza vizuri tu. Wapo waliokulia katika lugha ya kabila lao na wanaogopa Kiswahili chao kuchekwa. Wapo pia wanaokosa mazoezi siku za hedhi kwa kutokuwa na pedi, na badala ya kueleza wanaona afadhali waache timu. Binti wa namna hii hata akipewa maneno mia hayatamsaidia, na mama yake ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuzungumza naye.

Ikiwa ni sauti kweli, basi mama, nakuomba usimwondoe timuni, wala usimwombe mwalimu amsamehe kuongea. Muulize binti yako kizibao chake kina herufi gani, na nani anacheza karibu naye zaidi. Halafu siku ya kuwatembelea, mtafute msichana huyo, hasa kama ni mkubwa wake, umweleze jambo hili faragha, na umwombe ampe mdogo wake ruhusa kwa kinywa chake mwenyewe.

Dada yule bado tunawasiliana. Nikimpigia simu naanza na shikamoo.