50mm ya bei nafuu: II iliyotumika au STM mpya?

Vijana wanaoanza kupiga picha huniuliza sana: nichukue lenzi ya Canon 50mm f/1.8 II iliyotumika, au nijikaze ninunue toleo lililoifuata, STM? Mimi huwauliza kwanza wanapiga nini.

Upande wa vioo usidanganywe. Mpangilio haukubadilika, vioo sita katika makundi matano. Kilichoboreshwa zaidi ni rangi ya kuzuia mng'ao. Mtu akisimama mchana ukampiga kwa f/4, yaani tundu la mwanga umelifunga kidogo, sidhani utatambua picha ipi imetoka lenzi ipi.

Kasheshe iko kwenye mota ya fokasi. II ni ya 1990, na fokasi yake hulia ziii, ziii. Ukumbini taa zikipunguzwa bibi harusi akiingia, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na bibi harusi keshapita. STM, iliyotoka 2015, inatulia haraka zaidi. Si bubu kabisa, chumba kikiwa kimya utaisikia, lakini kwa video afadhali hiyo mara mia.

Halafu STM inafokasi kwa karibu zaidi: sentimita 35, wakati II inagoma chini ya 45. Ukipiga hina na pete utaelewa kwa nini naitaja. Taa za mapambo nyuma ya maharusi nazo hutoka tofauti ukifunga tundu kidogo. Tundu la II lina vibati vitano, kwa hiyo kila taa inageuka pembe tano. La STM lina saba vilivyopindwa, taa zinabaki karibu duara.

Kitako cha II, pale inaposhikana na kamera, ni plastiki, cha STM ni chuma. Ukinunua II ya mkononi, shika ncha ya mbele uitikise taratibu. Ikicheza, mrudishie mwenyewe. Ila kama unayo nzima na kazi yako ni picha za watu waliokaa studio, usihangaike kubadilisha. Hela hiyo kanunulie flashi.

STM nayo ina visa vyake. Pete ya fokasi haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa, na ncha hutokeza nje inapofokasi karibu. Irudishe ndani kabla ya kuzima, isije ikagongwa begini. Na filta ulizonunulia II hazitaingia: ile ni milimita 52, hii 49.