Korona ilipita, kufuli bado liko kwenye friji

Shikamoo Bibi. Naishi Likoni na nina watoto wawili. Mume wangu ni mpishi wa hoteli upande wa Diani. Machi 2020 hoteli ilifungwa, wakaambiwa wakae nyumbani wangoje simu. Simu ilikuja Desemba 2021. Miezi yote hiyo tuliishi kwa mahamri yangu na vibarua vyake. Nilijifunza kubana: nazi moja siku mbili, kunde za kupanda kwenye gunia, maji ya kufulia yanamwagwa chooni, friji nikalizima. Hatukulala njaa ila usiku mmoja, na usiku huo siwezi kuusema.

Sasa yeye ana kazi na mimi nina meza yangu ya mahamri na mbaazi. Nyumba inakula kama elfu thelathini kwa mwezi, kodi ikiwemo. Lakini sijaacha kubana. Friji limekuwa kabati lenye kufuli na ufunguo ninao mimi. Mafuta ya kupikia nanunua ya kupimiwa, ya siku moja moja. Kiporo cha wali wa usiku ndicho chai ya asubuhi. Chini ya kitanda nina pakiti 26 za unga. Juzi nimekuta nane zimeingia wadudu na nyingine zina unyevu, nikachekecha tukala. Mume ananiita mkono wa birika. Siku hizi anakula kazini, akirudi hagusi chakula changu. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka 14 alikosa shule siku mbili. Nampa sodo nne kila mwezi, zikamwishia akaona haya kuniambia, akakata kipande cha godoro. Na Bibi, nina 112,000, nusu chamani na nusu kwenye simu. Baba watoto hajui. Nikitoa hata shilingi mia mkono unanitetemeka. Akiba haiozi, au nimekosea?

Mkono wa Birika, Likoni

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale. Nazi umezieleza, mafuta umeyaeleza, pakiti za unga umezihesabu moja moja. Usiku ule mmoja umeupa maneno machache ukaufunga. Nitaurudia. Kwanza nataka ujue kwamba sikukuona mchoyo. Mchoyo haandiki barua kuuliza kama amekosea.

Nakumbuka mwaka ule. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla mwezi haujaisha ndege za wageni zilikuwa zimesimama, na kuanzia tarehe 27 kafyu ikatufungia ndani saa moja usiku. Tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kutoka wala kuingia Mombasa, Kwale na Kilifi. Anayeishi Likoni na riziki yake iko Diani, mpaka ulipita katikati ya sahani yake. Njia zilifunguliwa Julai, lakini hoteli haili magari yanayopita, inakula wageni, na wageni hawakuwepo. Mwezi huo wa Aprili, hapa hapa Mombasa, mama mjane alichemsha mawe ili wanawe wadhani kuna kinachoiva, wapate kulala. Nchi nzima ilishtuka. Nadhani wewe hukushtuka, ulielewa tu.

Kwa hiyo usiruhusu mtu, hata mumeo, akuambie kwamba uliyoyafanya wakati ule ni ubahili. Ulivusha watoto wawili miezi ishirini na moja kwa unga wa ngano na nazi.

Na mengi uliyojifunza yashike. Nazi moja siku mbili ni akili ya bibi zetu: kasimile linakwenda kwenye wali, tui la pili linapikia mbaazi, na hakuna aliyepungukiwa. Kunde za gunia usizing'oe, endelea kuchuma majani machanga na mmea utazidi kuchipua. Maji ya kufulia kwenda chooni, katika mji ambao dumu la maji linaletwa na mkokoteni, hiyo ningeifundisha kila nyumba. Maharage ukiyaloweka usiku kucha, makaa yanapungua sana. Kama ulikuwa unafunika sufuria kwa blanketi ndani ya kikapu ili ijimalizie kuiva, endelea, ila maharage mekundu yamwage maji ya kulowekea, yachemshe kwa nguvu si chini ya dakika kumi, ndipo uyafunike. Yakiivia kwenye joto la chini tu yanabaki na sumu inayotapisha.

Sasa nakuja pale panaponiuma.

Unasema akiba haiozi. Mwanangu, yako imeoza. Wadudu chekecha, sitakugombeza. Lakini unga ulioshika unyevu chini ya kitanda, kwa joto letu hili la pwani, unaota kuvu, na sumu kuvu haitoki kwa chekeche wala kwa moto wa sima. Inadhuru ini, na watoto ndio inaowaonea zaidi. Pakiti zenye unyevu au harufu zitupe, na usimpe kuku. Najua kutupa chakula kutakuchoma roho, basi mwite mumeo au jirani akutupie. Zilizo nzima kula kwanza zile za zamani, na kuanzia sasa weka za mwezi mmoja, juu ya ubao, mbali na sakafu.

Kiporo nacho. Wali uliolala nje usiku kucha una vijidudu vinavyostahimili kupikwa, na vikishaacha sumu yao, kupasha moto hakuiondoi. Friji unalo! Wali ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe, na kabla saa haijapita uingie ndani ya friji inayofanya kazi. Tokeni za umeme wa friji ni gharama, kweli. Mtoto mmoja kuharisha na kwenda zahanati ni gharama kubwa kuliko hizo.

Na mafuta ya kupimiwa. Hapa nataka uchukue kalamu, kwa sababu hesabu unaijua. Andika unachotoa kila siku kwa wiki nne, ujumlishe, kisha uulize bei ya mtungi wa lita tano. Mwaka 2020 ulinunua ya siku moja kwa sababu pesa uliyokuwa nayo ilikuwa ya siku moja. Hukuwa na njia nyingine, na maskini siku zote hulipishwa zaidi kwa kipimo kidogo. Leo unalipa bei ile ile ya dhiki huku una 112,000. Huko si kubana. Ni kuogopa kushika noti kubwa ikatoka mkononi kwa mara moja.

Nimefika kwa binti.

Nilipofika kwenye kile kipande cha godoro niliweka barua chini nikatoka nje. Msichana wa miaka 14, katika nyumba yenye chakula na pesa, amekata godoro kwa sababu mama yake anahesabu sodo. Sikwambii hivi nikuvunje. Nakwambia kwa sababu umeandika jambo hili katikati ya barua, baina ya mume kutokula na pesa za chama, kana kwamba lina uzito sawa na hayo. Lina uzito kuliko yote. Alikuwa na miaka tisa uliposhika ufunguo wa friji. Amekua akiona uso wako kila akiomba kitu, hadi amejifunza kutoomba. Leo ni sodo. Kesho atashikwa na maumivu, au atasumbuliwa na mtu njiani, naye ataona afadhali anyamaze kuliko kumwongezea mama mzigo.

Nunua pakiti mbili leo. Usimkabidhi. Ziweke bafuni mahali anapofika mwenyewe, na zikipungua ongeza bila kuuliza ametumia ngapi. Kama moyo wako unataka uwekevu, ziko sodo za kitambaa zilizoshonwa vizuri, zinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka zikauke kabisa, na zinakaa muda mrefu. Lakini mwache achague yeye. Halafu kaa naye umwombe radhi. Sisi wazazi wa pwani hatukuzoea kuwaomba watoto radhi, tunapika anachokipenda tukadhani amesikia. Safari hii mwambie kwa mdomo.

Sasa nikwambie habari ya mama yangu. Mwaka 1984 mvua ilikosekana, tukala mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Walioishi miaka ile wanakumbuka harufu yake. Mvua ilirudi, mavuno yakarudi, mama hakurudi. Mpaka anafariki, chini ya kitanda chake palikuwa na debe la mahindi, na kila wiki aliingiza mkono ndani kuhakikisha yapo. Sisi wanawe tulimcheka. Wajukuu nao tukawafundisha kumcheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa kando yake akamuuliza, mama, mwaka ule uliona nini? Alikwenda nalo kaburini, na mimi nimebaki na swali ambalo halina wa kulijibu.

Ndiyo maana narudi kwenye usiku wako. Sihitaji kuujua mimi. Mumeo anahitaji kuusikia. Alikuwa nyumba ile ile, lakini sijui kama anajua ulichobeba usiku huo, na wewe hujui alichobeba yeye. Fikiria: mwanamume ambaye kazi yake ni kulisha watu, miezi ishirini na moja hakuweza kulisha wake. Sasa amerudi jikoni kwao, anapika sufuria kubwa kubwa, anaingia kwake anakuta friji lina kufuli. Kila akiliona anasoma: nyumba hii bado haikuamini wewe. Simtetei kwa kukuita mkono wa birika, ni neno la kuumiza na umwambie hivyo. Lakini kutogusa chakula chako sidhani ni dharau. Nadhani ni aibu.

Mwambie pia habari ya pesa. Angekuwa mlevi au mcheza kamari ningekushauri vingine kabisa, lakini barua yako haina neno lolote baya juu yake. Pesa hukumwibia. Ni jasho la mahamri. Ila akija kuisikia kutoka kwa mwanachama, hamtazungumza tena juu ya pesa, mtazungumza juu ya uongo. Mwambie kiasi kamili, usimpunguzie hata mia.

Na mkiwa mmekaa, pigeni hesabu hii. Nyumba yenu ni elfu thelathini kwa mwezi. Miezi mitatu ni elfu tisini. Mwanangu, unazo. Hoteli ikifungwa kesho asubuhi, una miezi mitatu ya kula na kulipa kodi bila kumpigia mtu magoti, na elfu ishirini na mbili juu yake. Mwaka 2020 hukuwa na hata wiki moja. Umekuwa ukipiga makasia miaka yote hii, umeshafika ufukweni, na bado unapiga makasia mchangani. Hizo elfu tisini ziwekeni mahali wote wawili mnapajua, na mkubaliane ni jambo gani tu litakalozigusa: kazi kukatika, ugonjwa, msiba. Zilizobaki, na za mbele, ndizo za mafuta, za tokeni, na za mtoto wa kike kwenda shule siku zote za mwezi.

Mkono kutetemeka hakuishi kwa siku moja. Anza na vitu vidogo ulivyovipanga tangu usiku, umtume mtoto dukani kwa noti bila kumpa orodha ya senti, uone kwamba jua limechwa na hamjafa. Ukiona miezi miwili imepita na mkono bado unatetemeka, au ndoto za usiku ule zinakuamsha, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mshauri nasaha. Si wazimu. Ni jeraha, nalo lina watu wake wa kulitibu.

Kufuli usilitoe mchana watoto wakiwa shuleni, ukalificha kabatini kana kwamba halikuwepo. Ngoja Jumamosi, wote wakiwepo. Lifungue mbele yao, ufunguo mpe baba watoto, friji lioshwe, liwashwe, mlipange pamoja. Kisha mwambie mumeo Jumapili apike yeye, na wewe umkunie nazi. Nazi mbili, na kasimile asilitie maji.

Niandikie tena.