Nani anamwondoa mkuu wa polisi? Maswali yenu kuhusu Los Angeles

Tangu niandike kuhusu ghasia za Los Angeles za mwaka 1992, wengi mmeniuliza jambo lilelile kwa njia tofauti: mkuu wa polisi wa jiji lile anapatikanaje, na akishindwa kazi anaondolewaje? Leo nayajibu maswali hayo kwa pamoja.

IGP wa Marekani ni nani, na anateuliwa na Rais? (Msomaji, Dodoma)

Hakuna IGP, yaani Inspekta Jenerali wa Polisi, wa taifa zima. Kila jiji lina polisi wake na mkuu wake, na Rais hana mkono katika uteuzi huo. Los Angeles ina Tume ya Polisi yenye raia watano wanaoteuliwa na meya. Tume huwachuja waombaji na kumpelekea meya majina 3. Meya huchagua mmoja, kisha baraza la jiji humthibitisha.

Msimchanganye mkuu huyo na sherifu wa Kaunti ya Los Angeles, ambaye huchaguliwa na wananchi kwa kura. Jim McDonnell, aliyeapishwa kuwa mkuu wa polisi wa jiji Novemba 2024, amevikalia viti vyote viwili: alikuwa sherifu tangu 2014 hadi aliposhindwa uchaguzi wa 2018.

Nimesoma kwamba zamani meya hakuweza kumfukuza mkuu wa polisi. Iliwezekanaje? (Msomaji, Nakuru)

Iliwezekana, tena kwa nia njema kabisa. Katika miaka ya 1930, chini ya Meya Frank Shaw, rushwa ilikuwa imeota mizizi. Wenye nyumba za kamari na madanguro walilipa ili wasiguswe, na polisi walikuwa sehemu ya mpango huo. Mkuu wa polisi, James Davis, alijiona ana mamlaka hata nje ya jiji: mwaka 1936 aliwatuma askari wake zaidi ya 100 hadi kwenye mipaka ya jimbo la California wakawarudishe maskini waliokuja kutafuta kazi.

Januari 1938 mpelelezi wa kujitegemea, Harry Raymond, aliingia kwenye gari lake, akaliwasha, na bomu likalipuka. Alikuwa akikusanya ushahidi dhidi ya wakubwa wa jiji kwa niaba ya Clifford Clinton, mwenye migahawa aliyechoshwa na uozo ule. Raymond alinusurika, mwili ukiwa umejaa vipande vya chuma. Aliyetiwa hatiani ni kapteni wa polisi, Earle Kynette, mkuu wa kikosi cha upelelezi. Mwaka huohuo wapiga kura walimng'oa Shaw, na Davis naye akaondoka.

Watu waliotaka polisi safi waliona tiba ni kuwaweka mbali na wanasiasa. Tayari mwaka 1937 wapiga kura walikuwa wamebadili katiba ya jiji ili mkuu apate kinga ya ajira kama askari wengine: hafukuzwi mpaka kosa lithibitishwe, na wanaosikiliza mashtaka ya nidhamu ni maofisa wa polisi wenyewe. Mmoja wa waliosaidia kuandika kifungu hicho alikuwa askari aliyesomea sheria, William Parker.

Mwaka 1950 Parker akawa mkuu, akakaa ndani ya kinga aliyosaidia kuijenga. Hongo aliipunguza kweli, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini watu Weusi na wenye asili ya Mexico walipolalamikia vipigo na matusi ya askari, hapakuwa na mlango wa kugonga. Agosti 1965 mtaa wa Watts ulilipuka kwa ghasia, watu 34 wakafa. Parker hakuguswa. Alifariki Julai 1966 akiwa bado kazini, na makao makuu ya polisi yakapewa jina lake.

Na Daryl Gates je? Kwa nini hakuondolewa baada ya Rodney King kupigwa? (Msomaji, Mombasa)

Gates alianza kazi mwaka 1949, akawa dereva wa Parker, na mwaka 1978 akashika kiti chenyewe. Meya wakati huo alikuwa Tom Bradley, mtu Mweusi aliyetumikia polisi haohao miaka 21 na kuondoka akiwa luteni. Aliujua ubaguzi wa ndani kwa sababu aliuishi. Hata hivyo, kumfukuza Gates hakuweza.

Machi 3, 1991, askari walimpiga Rodney King, dereva Mweusi, kwa virungu akiwa chini, na jirani akalirekodi tukio hilo kwa video kutoka kwenye roshani yake. Mwezi uliofuata Tume ya Polisi ilimpa Gates likizo ya lazima ya siku 60. Baraza la jiji likaingilia kati kumtetea, na baada ya siku chache mahakama ikamrudisha ofisini. Bradley alimtaka hadharani ajiuzulu, akakataa. Wakuu hao wawili walikaa zaidi ya mwaka bila kuzungumza. Hapo ndipo ninapoumia ninaposoma historia hii: jiji la mamilioni ya watu, na wenye dhamana ya usalama wake hawasemeshani.

Wakati huo tume maalumu iliyoongozwa na mwanasheria Warren Christopher ilikuwa imependekeza mkuu awe na muhula wa miaka 5, unaoweza kuongezwa mara moja tu, na wapiga kura walikuwa waamue Juni 1992. Aprili 29 mahakama ikawaachia askari walioshtakiwa kwa kumpiga King, na ghasia zikazuka. Jioni, makundi yakiwa yamejaa nje ya makao makuu na madereva wakivutwa kutoka kwenye magari kwenye makutano ya Florence na Normandie, Gates aliondoka kwenda mtaa wa Brentwood, kwenye hafla ya kuchangisha fedha za kupinga pendekezo hilo. Zaidi ya watu 50 walikufa katika ghasia zile. Wiki tano baadaye wapiga kura walilipitisha pendekezo kwa wingi mkubwa, na Gates akastaafu mwezi huohuo.

Muhula wa miaka 5 umesaidia? (Msomaji, Bujumbura)

Naamini umesaidia. Willie Williams, mkuu wa kwanza Mweusi, alinyimwa muhula wa pili mwaka 1997; Bernard Parks naye mwaka 2002. Hakuna aliyelazimika kusubiri jiji liwake moto. Lakini muhula peke yake haukumaliza uovu: kashfa ya kituo cha Rampart, ya askari kubambikia watu kesi, iliibuka wakati wa Parks, na kuanzia 2001 polisi waliwekwa chini ya uangalizi wa mahakama ya shirikisho kwa zaidi ya miaka 10.

Mwanamke amewahi kuongoza? (Msomaji, Tanga)

Hadi uteuzi wa 2024, hapana. Ni aibu kwa jiji lililomwajiri Alice Stebbins Wells mwaka 1910, miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kuwa na mamlaka ya kukamata. Detroit ilimpata Ella Bully-Cummings mwaka 2003.

Kaka yangu anaishi huko. Akionewa na askari aende wapi? (Msomaji, Goma)

Anaweza kupeleka malalamiko kituo chochote, hata bila kutaja jina. Anaweza pia kuyapeleka kwa Inspekta Jenerali, ambaye kule si mkuu wa polisi bali mkaguzi aliye chini ya Tume; ofisi hiyo wapiga kura waliianzisha mwaka 1995. Vikao vya Tume viko wazi, kwa kawaida Jumanne asubuhi. Aende, aombe nafasi ya kusema, uraia hauulizwi.